Laini ya Koboko

Mwaka 1974 ofisi ya simu iliyokuwa nyuma ya soko la Arua ililetewa swichibodi mpya, meza ya kuunganishia simu. Ile ya zamani ilikuwa ya mbao, imetumika tangu enzi za Waingereza, na mtu akipiga simu ilimbidi apige kelele ndipo asikike. Dramadri, fundi wa simu, alikuwa ameomba mpya kwa miaka. Siku lori lilipoishusha aliifungua pamoja na mkewe Pasca, opereta wa ofisi hiyo, wakicheka.

Kazi ilikuwa kuhamisha laini moja moja huku nyingine zikiendelea kutumika.

"Koboko iwe ya mwisho," Pasca alisema. "Drateru iko karibu kuzaa."

Drateru alikuwa mdogo wake Pasca, ameolewa huko Koboko, na mimba ilikuwa ya kwanza.

"Koboko ndiyo mbovu kuliko zote," alijibu Dramadri. "Tukianza nayo, siku yake ikifika atakuwa na laini nzuri. Ni kazi ya asubuhi tu."

Pasca aliona maneno hayo yana maana. Akakubali.

Nyaya za Koboko zilikuwa zimevikwa kitambaa kikuukuu. Dramadri alipozichomoa, kitambaa kilipukutika mikononi mwake, na nyaya zenyewe zikakatikia ndani ya ukuta. Hazikuweza kufika kwenye swichibodi mpya, na kuzirudisha kwenye ya zamani hakukuwezekana tena. Ikabidi abomoe ukuta. Pasca alikaa na visikilizio vyake masikioni, akiunganisha watu wa Vurra na wa Nebbi.

"Koboko?" Dramadri aliuliza kila mara kutoka chini ya ukuta.

"Iko kimya."

Alasiri aliunganisha waya wa mwisho. Taa ya Koboko ikawaka papo hapo. Sauti iliyoingia ilikuwa safi kabisa, ya Poni, mkunga wa zahanati ya huko.

"Arua! Tangu asubuhi napiga! Tuma ambulensi, damu inakataa kusimama."

"Damu ya nani, Poni?"

Poni akashusha sauti. "Ni wewe, Pasca?"

Pasca aliita ambulensi kwa sauti yake ya kazi, akataja mahali, akarudia. Kisha akavua visikilizio, akaviweka mezani taratibu, akatoka nje. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Ambulensi ilipofika, Drateru alikuwa amefunikwa kitenge. Mtoto, msichana, alikuwa hai.

Msibani Dramadri alisimama mbali, nje ya ua. Mama mkwe wake, ambaye kwa heshima ya mila hakuzoea kumkaribia, siku hiyo alimfuata.

"Wewe hukumuua. Ingia ukae na watu."

Aliingia, lakini hakuweza kumtazama mkewe.

Pasca hakurudi kazini. Alimchukua mtoto, wakamlea Arua. Hakumlaumu mumewe hata siku moja, na hilo ndilo lililomtesa Dramadri.

"Nitukane basi," Dramadri alimwambia jioni moja. "Sema neno."

"Neno gani? Mimi pia nilikubali."

Alimpa mtoto ambebe, akaenda kutazama sufuria jikoni. Dramadri alibaki na yule msichana kifuani, akimtikisa polepole, na jikoni alimsikia Pasca akilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Hakujua kama aende au abaki. Mwishowe alimwendea.