Tone la Gundi

Fundi wa santuri aliipangusa ile santuri kwa kitambaa, akamnyooshea mama kwa mikono miwili kama anayemrudishia mtoto aliyeogeshwa.

"Imepona, mama. Sasa inaimba moja kwa moja mpaka mwisho."

Mama hakuipokea. "Nani alikwambia inaumwa?"

Fundi alimtazama mwana wa mama huyo, na mwana akatazama viatu vyake. Ni yeye aliyeitoa santuri kabatini bila kuomba, ili wimbo alioupenda marehemu baba yake utiwe kwenye simu za ndugu wote kabla mwaka wa msiba haujatimia.

Wenyewe ulikuwa wimbo wa zamani, mchangamfu, wa kijana mwenye baiskeli anayembembeleza msichana apande nyuma. Marehemu alikuwa fundi viatu. Enzi za ujana wao aliupiga kibandani huku akibandika ukanda wa kiatu cha binti mmoja ambaye, ajabu, viatu vyake vilikatika kila wiki. Siku moja alimwangalia binti badala ya kuangalia brashi, na tone la gundi likadondokea santuri. Tangu hapo sindano ikifika pale iliruka nyuma: panda twende, panda twende, panda twende. Miaka thelathini na minane. Binti huyo, sasa mama, jikoni akipaza sauti, "Mpandishe basi, mwenzio kachoka kusimama!" Na mumewe sebuleni akijibu, "Msichana mwenyewe ana maringo." Halafu mara ya saba, si ya sita, anaigonga sindano kwa kidole, na safari inaendelea.

"Umetoa nini humu?" mama aliuliza.

"Uchafu tu, mama. Kigundi kilichoganda. Nimekichokonoa kwa kijiti siku mbili, jicho kwenye lenzi."

"Uchafu." Alilitamka neno polepole, kama mtu anayetema jiwe lililokuwa kwenye wali. "Kumbe miaka yote hiyo nimeishi na uchafu, sina habari. Na mtu akija hapa na kovu usoni, unalibandua?"

"Mama, fundi hana kosa," mwana aliingilia. "Mimi nilidhani kule kuruka kunakuudhi. Kila siku ulikuwa unampigia baba kelele."

"Nilikuwa nampigia kelele?" Alimgeukia. "Hivi wewe ulikulia nyumba ile na masikio, au na vifuniko vya sufuria?"

Fundi akajikuna shingo.

"Kuna kitu, lakini sijui kama kitafaa. Huwa narekodi kabla sijagusa, ili mteja asije akabisha kwamba ilikuwa nzima. Akishaikubali kazi, nafuta."

"Kwani mimi nimeikubali?"

"Bado, mama."

"Basi weka nisikie."

Fundi alibonyeza kompyuta. Ukaanza mkwaruzo, likafuata gitaa, kisha kijana na baiskeli yake, furaha tele. Panda twende. Panda twende. Mama alikaa wima, mkoba mapajani. Ilipofika mara ya saba kidole chake kiliinuka chenyewe, kikagonga ukingo wa meza.

Wimbo haukusogea. Mara ya nane. Ya tisa.

Fundi akanyoosha mkono kuuzima.

"Uache."

"Siku hiyo nilitoka kunywa chai, mama. Uliendelea hivyohivyo mpaka niliporudi."

"Hii ndiyo unitilie kwenye simu."

"Lakini haifiki mwisho. Ndugu watachoka."

"Ndugu wape hiyo mliyoiogesha." Aliichukua santuri mikononi mwake, akaifunika kwa mtandio, akaitia mkobani. Alimpa fundi simu, akasubiri mpaka akarudishiwa. Mlangoni alisimama mbele ya mwanawe. "Na siku nyingine, kabati langu lina mwenyewe. Unabisha hodi."

Akatoka. Nyuma yake hakuna aliyethubutu kuuzima wimbo, na mpaka anafika ngazi ya mwisho msichana alikuwa hajapanda.