Kiunganishi Hakimo Kashani

Siku kumi na mbili kabla ya Saba Saba ya mwaka 1975, lori liliteremsha kinu cha kusagia mahindi katika kijiji cha Ujamaa cha Mshikamano, jirani na njia ya Urambo. Fundi Twalibu alifungua kasha kwa mtaimbo, akapanga vipuri juu ya mkeka. Alikuwa amefanya kazi karakana ya reli Tabora miaka kumi na minne, kabla hajapakiwa kwenye lori yeye, mkewe Batuli, godoro na cherehani, akaambiwa kwake sasa ni hapa. Mashine alizijua. Ilipofika saa sita mchana alijua kwamba hii haitakubali.

Kinu kilikuwa cha milimita. Injini iliyoachwa na mlowezi wa tumbaku ilikuwa ya inchi. Hilo fundi angelimaliza kwa tupa. Tabu ni kwamba injini ilipowashwa, mkanda ulizunguka na kinu kikakaa kimya, kwa sababu hakikuelewa kinachosemwa.

Batuli ndiye aliyemsomea kijitabu cha maelekezo. Alikuwa mkalimani, kama mama yake wa zahanati ya misheni, na kama bibi yake aliyefuatana na misafara ya pembe. Lugha asiyoijua aliikalia siku mbili, ya tatu akaizungumza. Kijitabu kilisema kinu hufanya kazi kwa injini za kwao tu. Penye injini ya kigeni kifungwe kwanza kiunganishi, ndipo kinu. Chini, kwa herufi ndogo: kiunganishi hakimo ndani ya kasha hili.

Katibu wa kijiji, Ndugu Raymundi, alikuja kuangalia. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na tarehe.

"Kiunganishi nimekwisha kuagiza," alisema. "Lakini mgeni rasmi anakuja Saba Saba, na anataka kuona unga."

"Bibi yangu alikuwa akishika mkono wa mwenye msafara na mkono wa mtemi," alisema Batuli. "Asiposhika, maneno hayapiti."

Akaweka kiganja cha kushoto juu ya injini na cha kulia juu ya kinu. Kinu kikakohoa, kikaanza kusaga. Unga ulitoka mweupe, laini, wa moto. Minza, jirani yao, aliutia mdomoni kidogo, kisha akaenda kuleta mahindi yake.

"Ni kwa muda tu," alisema Twalibu.

Ili mikono isiteleze wakati wa hotuba, alimpima mkewe vifundo vya mikono, akamtengenezea vibanio vya chuma vya kumshikiza kwenye injini na kinu, ndani akavitia kipande cha kanga. Bolti alizikaza kama alivyofundishwa karakanani: ukimaliza kukaza, unaponda ncha kwa nyundo, nati isirudi nyuma hata mabehewa yatikisike mpaka Kigoma. Mkono ulifanya wenyewe kwa mazoea. Alipotambua alichofanya, ncha zote nne zilikuwa zimepondwa, na ngoma zimeanza uwanjani.

Mgeni rasmi alishika unga, akapiga makofi. Katika taarifa iliandikwa kwamba kinu kinajiendesha chenyewe.

Jioni ile kila nyumba ilipika ugali, na tonge la kwanza likasema, "Mikono inaniuma." Sauti ilikuwa ya Batuli, ya chini, yenye adabu. Kwa Wanyamwezi ilisema Kinyamwezi, kwa Wasukuma Kisukuma, kwa waliotoka mjini Kiswahili. Watu walisikiliza, wakatafuna.

Wiki ya kwanza walimpelekea uji na mafuta ya nyonyo. Waislamu walimsomea dua, Wakatoliki wakamtolea sala. Msumeno ungeweza kukata bolti zile kwa nusu saa, na kila mtu alilijua hilo, maana mkutano uliitishwa kulijadili. Batuli hakuhudhuria, alikuwa kinuni, na asiyekuwepo na lake halipo. Minza alisimama akasema kweli yake: "Mwenzangu namhurumia. Lakini miaka yote nimetwanga, na sasa mgongo wangu umepona." Ikaamuliwa kungoja kiunganishi.

Wakazoea. Watoto walijifunza kumeza tonge la kwanza harakaharaka. Wengine walizidisha chumvi kwenye mboga. Twalibu alimlisha mkewe kwa kijiko asubuhi na jioni, akimfuta unga kwenye kope, na moyo ukimuuma kweli. Mikono ya Batuli iligeuka rangi ya chuma mpaka kwenye viwiko. Kila siku alimuuliza mumewe kama kiunganishi kimefika, naye kila siku alijibu bado.

Kiunganishi kilifika baada ya miaka miwili, katika boksi dogo, stesheni ya Urambo. Twalibu alikwenda kukichukua mwenyewe. Kilienea kiganjani, inchi upande mmoja, milimita upande wa pili. Alirudi kwa baiskeli mchana kweupe, boksi kwenye keria, watu wakimpungia mkono toka mashambani. Alipita nyumbani kuchukua msumeno, akaenda ofisini kwa katibu.

"Kijiji cha jirani wamepata kinu kama chetu," alisema Raymundi, bila kumtazama. "Wao hawana mtu. Sisi tunaye. Wilaya imesema kiunganishi kipelekwe kule, ukakifunge leo leo."

"Ni mke wangu, Ndugu Katibu."

"Najua, fundi. Hata mimi nakula ugali."

Nje lilipita lori, na Twalibu alikumbuka lile la kwanza, godoro na cherehani. Aliogopa. Aliona haya kwa kuogopa, na haya hazikuushinda woga.

"Sawa," alisema.

Alikifunga kiunganishi kijiji cha jirani, akaponda ncha. Kinu kilisaga vizuri, na ugali wa kule haukusema neno. Kurudi hakupitia kinuni. Alimwomba Minza akamlishe Batuli, yeye akatia maji jikoni, akasonga ugali mwenyewe.

Tonge la kwanza liliuliza, "Mume wangu, watu wanasema umepita na boksi. Kimefika?"

Liliuliza hivyo katika kila nyumba ya Mshikamano. Waliokuwa wakila walisimamisha mikono juu ya sahani, wakingoja mwenye mke ajibu.

Twalibu alitafuna, akameza.

"Bado," alisema, akamega tonge jingine.