Wageni wa Darasa la Kihispania

Kila Jumamosi saa kumi alasiri Mwalimu Gervas hufungua ukumbi wa kigango pale Bigwa, hufuta ubao kwa kitambaa kibichi, kisha huandika kitenzi cha Kihispania chenye maana ya kuja. Ni kitenzi kikorofi. Hakifuati utaratibu wa wenzake, na kilimsumbua yeye mwenyewe miezi miwili alipokuwa kijana akisomea kilimo huko Kuba. Vengo, ninakuja. Vienes, unakuja. Viene, anakuja. Venimos, tunakuja. Venís, mnakuja. Vienen, wanakuja. Wasichana sita husoma kwa sauti moja, wakiwa wamesimama, na wakifika mwisho wa orodha, wale wengine huingia.

Huingia kwa mlango wa nyuma, bila kubisha hodi, mmoja baada ya mwingine. Ni wasichana waliosoma hapo hapo miaka iliyopita, wakapelekwa Uhispania kutunza wazee. Wamevaa aproni za buluu, miguuni wana kandambili za plastiki, na huketi benchi la mwisho wakitazama ubao. Dirisha la upande wao hushika ukungu hata Februari, mwezi ambao Morogoro watu hulala nje kwa joto. Wa kwanza kuingia alikuwa Raya, binti wa fundi cherehani. Siku hiyo baba yake alikuwa na wiki ya tatu anampigia simu isiyopokelewa. Baada ya Raya ilieleweka kwamba anayekuja ukumbini ni yule ambaye simu yake imenyamaza. Wale wanaotuma picha zao wakiwa mbele ya makanisa makubwa hawajakanyaga pale hata siku moja.

Wanafunzi huwapelekea maji, kwa kuwa ni wageni. Hawanywi. Na kwa watu wa huku mgeni haulizwi habari za alikotoka kabla hajanywa maji, ni kumkosea adabu. Kwa hiyo mwaka wa nne huu vikombe vimejaa na hakuna aliyeuliza. Adabu ni kitu kizuri, hakuna anayebisha, na hii imemfaa sana Bwana Raphael, ambaye ndiye anayewapeleka.

Bwana Raphael ni mtu wa hapo hapo Bigwa. Dada yake, Theresia, analima njegere na kabichi juu mlimani, na ana binti mmoja, Ester. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na kwenye mambo makubwa neno la mjomba ndilo neno. Mjomba aliposema Ester aende, mambo yakawa yamekwisha. Theresia alimfuata kaka yake sebuleni kwake, akakaa kwenye ukingo wa kochi.

"Kaka, wale wanaokuja darasani ni akina nani?"

"Ni wanafunzi wa zamani," Raphael akasema. "Wamekumbuka nyumbani."

"Mbona hawafiki kwa mama zao?"

"Njia ya darasani wanaijua. Theresia, mtoto anakwenda kufanya kazi, hasombwi na mto."

Ester aliondoka mwezi wa tatu. Jumamosi iliyofuata Theresia aliteremka na ungo wa njegere, akaketi benchi la pili kutoka nyuma, akaanza kumenya. Mwalimu Gervas alimwambia darasa ni la wanaosafiri. Theresia akamjibu kwamba yeye anataka kitenzi hicho kimoja tu, vingine wabaki navyo. Mwalimu akamwachia.

Alijifunza taratibu, kwa lafudhi ya mlimani iliyowachekesha wasichana mwanzoni. Kila Jumamosi alisoma na wenzake mpaka mwisho, kisha akageuka kutazama mlango wa nyuma na kuwahesabu wanaoingia. Ester akiwa hayumo, alishusha pumzi, akarudi kwenye njegere zake. Jioni Ester alipiga simu, akasema kuna baridi, bibi anayemtunza ni mkali lakini hajambo. Theresia alilala vizuri usiku huo. Watu walimwona anapenda masomo. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, na hofu yake ilikuwa na siku na saa.

Mwalimu aliwafundisha pia kukitumia. Aliuliza, ¿De dónde vienes?, yaani unatoka wapi, nao wakajibu kwa zamu: Vengo de Bigwa. Vengo de Turiani. Theresia naye alijibu, Vengo de Bigwa, na Mwalimu akasema ni sahihi.

Mwezi wa nane simu ya Ester ilikaa kimya siku tisa. Jumamosi, wasichana waliposema vienen, aliingia wa mwisho. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa imebabuka mpaka viwikoni. Wenziwe walisogea, akapata nafasi nyuma ya mama yake. Alinuka dawa ya kufulia.

Theresia aliweka ungo chini, akaenda mwenyewe kwenye ndoo, akaleta maji. Ester akayatazama. Hakunywa. Theresia alisubiri na kikombe mkononi, na midomo yake haikuthubutu kuuliza habari. Ndipo akakumbuka kwamba zoezi si habari. Akauliza kama alivyofundishwa, neno kwa neno:

"¿De dónde vienes?"

Ester akajibu. Alijibu kwa Kihispania, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na jibu lake lilichukua muda ambao maji ya chai yangekuwa yamechemka. Theresia alitega sikio asikie Bigwa, asikie hata Morogoro. Hakusikia. Wasichana wa mbele waliweka kalamu chini. Mwalimu Gervas, ambaye ndiye pekee aliyeelewa yote, aliketi, jambo ambalo halifanyi akiwa anafundisha.

"Anasemaje, Mwalimu?"

Mwalimu alitazama mlango wa mbele. Bwana Raphael alikuwa amefika na bahasha ya pasipoti, amesimama kwa heshima akingoja somo liishe.

"Anasema anatoka Bigwa," Mwalimu akasema. "Amejibu vizuri."

"Asante, Mwalimu."

Theresia alijua amedanganywa. Aliketi pembeni ya binti yake. Bwana Raphael akapita mbele, akamsalimia dada yake, akampungia mpwa wake mkono, kisha akaanza kuita majina. Wa kwanza aliitwa Glory, msichana wa kutoka Mazimbu, mpole sana. Alipokuwa anakwenda mbele, Theresia alisimama akamshika mkono.

"Mwanangu," akasema, mbele ya kaka yake na mbele ya watu wote. "Usiende."

Glory akapiga goti kidogo, kama alivyolelewa.

"Ndiyo, mama," akasema, akaenda akapokea pasipoti yake kwa mikono miwili. Alhamisi gari liliwachukua wote sita.