Nyota Iliyochelewa Siku Mbili

Kwenye chumba cha mahesabu walimwita Desimali, na jina likamganda kwa sababu alikuwa tayari kununiana na mtu wiki nzima kwa ajili ya tarakimu moja nyuma ya nukta. Kazi yake ilikuwa kupima nyota zinazopumua, zile zinazovimba na kusinyaa, zikang'aa na kufifia, kila moja kwa mwendo wake. Ukijua pumzi moja ya nyota huchukua siku ngapi, unajua ung'avu wake halisi. Ukilinganisha na jinsi inavyoonekana kutoka huku kwetu, unajua iko mbali kiasi gani, kama vile mtu anayeijua nguvu ya balbu anavyoweza kukisia imewashwa umbali gani. Mengine yote ni kuhangaika na desimali.

Asubuhi hiyo alikuwa na nyota moja tu mezani, na ilikuwa nyota ya baba yake.

Mzee alikuwa dereva wa basi la shule. Watoto walimwita Babu Breki, kwa jinsi alivyokanyaga breki hata akiona kuku. Lakini jioni alipanda juu ya paa na darubini yake ndogo, akaikadiria nyota ile kwa jicho. Alitafuta nyota mbili za karibu ambazo ung'avu wake unajulikana, akasema nyota yangu imeizidi hii na imezidiwa na ile, akaandika namba. Alifanya hivyo miaka ishirini na saba. Marehemu mama alikuwa akiiita nyota ile mke mwenzangu, na hakuwa anatania sana.

Kituo alichofanyia kazi Desimali kilipokea makadirio ya watu wa namna hiyo na kuyaweka pamoja na vipimo vya kamera. Nyota ile ilipumua kila baada ya siku kumi na saba, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka mwezi wa tatu, ambapo pumzi yake ilirefuka kidogo. Kidogo hicho kilijumlishana, na sasa nyota ilifika kileleni mwa ung'avu wake ikiwa imechelewa karibu siku mbili. Kamera ilisema hivyo. Waangalizi kumi na wanne walisema hivyo. Mmoja tu aliendelea kuiona ikifika kileleni siku zake za zamani, bila kukosa hata mara moja, na huyo alikuwa baba yake.

Desimali alirudia hesabu mara tatu, maana baba ni baba. Jibu halikubadilika.

Mkuu wa kitengo akaja na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma ya kiti. Hakuwa mtu mbaya, ila upole ulimpitia mbali. Alisema mambo yako wazi: huyu mtu ameacha kuangalia, anakaa sebuleni anaandika ratiba anayoijua. Akaagiza rekodi yake yote iondolewe, miaka yote ishirini na saba, kwa kuwa aliyebuni namba moja haaminiki kwa nyingine, na umbali wa nyota utumwe kabla ya saa nane. Hakujua huyo mtu ni baba wa nani, na Desimali hakumwambia. Kwa muda wa dakika kumi hivi alimchukia baba yake kabisa.

Lakini hata chuki, kwa Desimali, ilitaka ushahidi. Akafungua picha za daftari la mzee na kulisoma kuanzia nyuma. Kila jioni, baada ya namba, mzee aliandika maneno mawili: jirani yupo. Jirani alikuwa nyota dhaifu iliyokaa pembeni, ambayo mzee aliitumia kuhakikisha kwamba anga ni safi na jicho liko kazini. Kukiwa na ukungu aliandika jirani hayupo, nimeacha, na namba hakuweka. Mwezi wa pili jirani alikuwepo. Mwezi wa tatu hakutajwa. Desimali alifunua kurasa za miezi minane, na jirani hakuonekana tena, si yupo wala hayupo.

Na paani mzee alikuwa anapanda. Wiki iliyopita tu alimkuta huko amejikunyata ndani ya koti, jicho kwenye darubini. Alikuwa anapanda kila jioni, anaangalia, na haoni.

Akatazama saa ya ukutani, na haikuwa kwa ajili ya nyota. Ilikuwa saa sita na nusu. Saa saba na robo watoto wangetoka darasani, na mzee angeingia barabarani na thelathini na mmoja wao.

Alipiga simu ya baba yake, imezimwa. Akiwa kazini huizima siku zote. Akaiangalia namba ya shule. Kuipiga ilikuwa ni kumfukuzisha kazi baba yake kwa mkono wake mwenyewe, bila hata kumuuliza. Na kama amekosea je? Akaitia simu mfukoni, akatoka bila kuaga, akapanda pikipiki ya kukodi. Kufika kona ya kwanza alikuwa ameshajuta kutopiga. Kila njia panda waliyosimama aliitambua: hapa basi hupita, hapa kuna kivuko, hapa malori hayana adabu. Alimwambia dereva aongeze mwendo, na dereva akamjibu kwamba yeye ana watoto.

Walifika shuleni, injini ya basi inanguruma na watoto wamekaa. Akapiga bati kwa kiganja mpaka mlango ukafunguka, akapanda ngazi akihema, akasimama karibu na usukani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kuna msiba?"

"Hakuna. Jana nyota ilikuwaje?"

Mzee alicheka. "Hilo ndilo limekuleta? Inashuka. Nimeshaandika."

"Jana ilikuwa inapanda," Desimali alisema kwa sauti ya chini. "Imechelewa siku mbili, baba. Wote wameona, isipokuwa wewe."

Kicheko kikabaki mdomoni mwa mzee bila kazi. Akasema kwamba ni ukungu kidogo tu, wa jioni, na shule zikifungwa ataenda hospitali. Mchana hana shida.

"Na barabara hii naijua kwa moyo," akamalizia.

"Hata nyota ulikuwa unaijua kwa moyo."

Mzee alishusha sauti na kumwomba safari moja tu, hii ya leo. Kesho ataenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, atasema yote, mradi asiaibishwe mbele ya watoto. Hajawahi kumwomba binti yake kitu maishani. Na tuseme ukweli, Desimali alikuwa anakubali. Huruma ilimzidi nguvu, na mdomo ulishafunguka kusema sawa.

"Babu, twende," alisema msichana mdogo aliyekaa kiti cha mbele. "Leo zamu ya taa ni yangu."

Desimali akamuuliza taa gani.

"Za njia panda. Anayekaa mbele anamwambia Babu kama ni nyekundu au kijani." Msichana akamnyooshea kidole mwenzake wa kiti cha nyuma. "Yule jana alisema kijani kumbe nyekundu, lori likatupigia honi. Ndiyo maana amenyang'anywa zamu."

Watoto wakacheka. Desimali akashika chuma cha mlangoni. Mzee hakumtazama. Alizima injini, akachomoa ufunguo, akampa. Kisha akawaambia watoto washuke mmoja mmoja, wasisukumane, wakamsubiri mwalimu wa zamu uani. Walishuka wakilalamika, na msichana wa kiti cha mbele alishuka wa mwisho huku amenuna.

Basi likawa tupu. Mzee alikuwa bado ameweka mikono juu ya usukani.

"Hiyo miezi minane," alisema, "wenzako watataka kuandika kwamba nilidanganya."

"Mkuu ameshasema hivyo."

"Amesema kweli. Namba za miezi hiyo zifute." Akavuta pumzi. "Lakini kila jioni, penye ile namba, andika hakuona. Niwe wa kwanza mimi mwenyewe kusema: sikuona, mama. Tangu mwezi wa tatu, sioni."