Ngozi Nyeusi ya Nyuzi

“...sasa weye unalilia nini? Nimekusafishia tu!” mama yake, Concilie, alisema, mchanga wa ziwa bado umemganda vidoleni, na mezani nyuzi tatu za gitaa zilimeta kama zimetoka dukani leo, zinameta, zinameta, Irakoze alitamani kuzitupa chooni, siku kumi na tisa, siku kumi na tisa alizilaza ndani ya maji ya majivu ya maganda ya ndizi, akizipitishia umeme kidogo kila asubuhi mpaka zikavaa ngozi nyeusi, na ngozi ile ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, si waya, ngozi... “Mama, ule haukuwa uchafu!” “Ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Mwalimu aingie mu nyumba yangu akute vile? Aseme mama ya huyu hajui kusugua?” kusugua, maisha yote kusugua, hata walipokimbia kutoka kijijini Bwegera, mpunga bado uko shambani, mama alibeba sufuria zake zinang’aa, madaftari yakabaki, shule ikabaki, na huu mwaka wa tatu hakuna aliyemwambia rudi, mpaka Mwalimu Déogratias wa jirani alipoinama juu ya chupa akaona mapovu yakipanda kwa betri moja tu ya tochi, moja, wakati maji huhitaji mbili au tatu, akasema hiyo ni catalyseur, kichocheo, inayapasua maji kwa nguvu kidogo yatoe hidrojeni, moto usiodai makaa, nitarudi Jumamosi saa nne, nikiona tena kwa macho yangu nitakuombea nafasi darasani... na leo ndiyo Jumamosi, “Rudisha mu maji, itakuwa nyeusi tena,” “Siku kumi na tisa, mama!” “Usinipandishie sauti, minye si rika yako,” na Irakoze kwa hasira akatumbukiza nyuzi chupani, akaunga betri, ona, ona ulichofanya, hata povu moja hakuna, maji yametulia kama ya kunywa... hata povu moja... hakuwahi kuona hivyo, maana nyuzi alizopewa na wanakwaya zilikuwa kuukuu, zimeshashika kutu, hakuwahi kujaribu zilizo safi, hata siku moja, kumbe muda wote aliamini tu kwamba ni ile ngozi, alikuwa hajui, sasa anajua, waya zilezile, maji yaleyale, betri ileile, kilichoondoka ni kimoja, na aliyekiondoa kasimama pale anajifuta mchanga kwenye kitenge, macho kwenye maji yasiyo na povu, na bado Irakoze alimkasirikia, alimkasirikia sana, lakini mkono ulikwisha kushika kalamu, andika kabla hujasahau, nyuzi safi, mapovu sifuri, na nje hodi, hodi hapa, sauti ya mwalimu, Irakoze hakuinuka, mama ndiye aliyetangulia, akafungua, akasimama katikati ya mlango bila kumpisha mgeni: “Karibu, mwalimu. Mbele ya kumuuliza mutoto, uniulize minye. Ile kitu ilikuwa inatumika. Minye ndiye nimeiharibu.”