Kiu ya Wapatanishi wa Kizuka

Nimetembea nchi nyingi, nimeona watu wakipatanishwa kwa fimbo, kwa Biblia, hata kwa mbuzi. Lakini wapatanishi kama wale wa kijiji cha Kizuka sijawaona kwingine. Wanauliza pombe iko wapi kabla ya kuuliza shamba liko wapi.

Joanita alikuwa amerudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, akakuta michikichi ya marehemu baba yake inavunwa na jirani, Nestori. Mahakama, kila mtu anajua, inakula miaka na inakula watu. Basi wakakubaliana kumaliza kwa wazee.

Mkubwa wa wazee, Tarsisi, aliingia shambani tumbo likitangulia. Jua lilikuwa kali, upepo wa ziwa haufiki kule. Hakwenda mbali. Akachomeka kijiti penye kivuli cha kwanza.

"Tunagawa katikati. Huku juu ni kwa Joanita, kule chini ni kwa Nestori. Amahoro, amani iwepo!"

Katikati gani! Juu ni mawe na nyasi. Michikichi yote inayozaa iko chini, kando ya kijito. Nestori akapiga makofi, peke yake.

Sasa, desturi yao ni hii: shauri haliishi mpaka wagomvi wawe wamekunywa chombo kimoja, na hakuna mzee anayegusa pombe kabla yao. Kibuyu cha urwarwa, ile pombe ya ndizi, kilikuwa pale pale, povu likichuruzika mdomoni. Wazee walikitazama kama Wakristo wanavyotazama msalaba.

"Kunywa, mama, tumalize," akasema Tarsisi.

"Mimi mulokole, muzee. Sinywi pombe."

"Leteni Fanta!"

Fanta ikaja. Joanita akaipokea, akaiweka magotini.

"Kunywa basi!"

"Kiu sina."

"Eti kiu hana!" akalia mzee Leonidasi. "Na sisi je?"

"Nyinyi kunyweni, baba zangu. Nani anawakataza?"

Tarsisi akajifuta shingo.

"Unataka nini, wewe mwanamke?"

"Kijiti iko pabaya. Yote ilikuwa ya baba yangu. Nusu ninakubali, watoto wanahitaji mafuta. Lakini nusu ya michikichi, si nusu ya mawe."

Tarsisi akang'oa kijiti, akateremka nacho kupita mchikichi mmoja. Joanita akatikisa kichwa. Akateremka mwingine. Fanta bado magotini.

"Muzee, unaniuza kwa Fanta!" Nestori akapiga kelele.

"Nyamaza wewe! Hii michikichi ulipanda hata mmoja?"

Swali zuri. Wangeuliza asubuhi.

"Mupeni mama nusu yake, tunakufa hapa!" akasema Leonidasi.

Kijiti kikafika katikati ya michikichi. Hapo tu ndipo Joanita akafungua Fanta, akanywa kidogo, akampa Nestori. Mwanaume yule aliimeza kama dawa ya minyoo. Hakuwa ameshusha chupa, wazee wameshavamia kibuyu.

"Mumeona?" Tarsisi akasema, povu kwenye ndevu. "Bila avoka, bila juji, bila mahakama. Hekima tu!"

Hekima! Koo lake ndilo lililohukumu, tena likahukumu vizuri kuliko kichwa chake.

Joanita hakubaki kusikia. Alikuwa ameshashuka kijitoni, panga mkononi, anaangusha mkungu wa kwanza wa chikichi kabla kibuyu hakijaisha na wazee hawajapata kiu nyingine.