Mstari wa Tatu

Mama mkwe wangu hakunificha: nilichokuwa natwanga kwenye kinu alikiita mchuzi usio na nyama. Nilikuwa nikiponda vitunguu saumu, naviloweka usiku kucha, kisha nachuja na kutia sabuni kidogo ili maji yashike kwenye jani. Yeye alikuwa akipita ameziba pua. Niliendelea kutwanga. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kutu, ule ugonjwa wa majani, ilikuwa imetumaliza misimu miwili. Majani ya maharage yaligeuka kahawia, ukiyagusa vidole vinachafuka. Dawa ya dukani inaiweza, ila mvua zikikolea ndipo duka linapoishiwa. Nikaapa kutafuta mbadala. Bwana shamba akanipa sharti: mistari mitatu. Wa kwanza upate dawa ya dukani, wa pili kitunguu saumu, wa tatu usiguswe, huo ndio utatuonyesha tofauti. Akiridhika, kikundi chetu chote cha wakulima kitanifuata.

Baada ya wiki sita, siku ya Ijumaa, akaja na daftari. Mstari wa kwanza ulikuwa safi. Wa pili ulikuwa na madoa machache. Wa tatu nao madoa machache vilevile. Akasema kama usionyunyiziwa uko sawa na ulionyunyiziwa, basi kitunguu changu hakijafanya kitu.

Nilichuma jani la mstari wa tatu nikalinusa. Saumu tupu.

Mama mkwe, aliyetufuata shambani, alikuwa akichezea ncha ya kitambaa chake. "Yalikuwa yanakufa, mwanangu, na mimi nayatazama," akasema. "Nikayanyunyizia saumu yako kwa bomba. Na jana tena."

Hasira zilinipanda hadi utosini. Wiki sita! Bwana shamba alifunga daftari, akasema jaribio limeharibika, hawezi kuandika lolote. Nilishafungua mdomo nimwage yote. Ndipo nikakumbuka stoo. Chupa ya dawa ya dukani ilikuwa kwenye rafu, usawa wa mkono wa mama mkwe, imebaki nusu.

"Mama, mbona hukuchukua ile ya dukani?"

Alinishangaa. "Ile siijui. Hii yako nimeiona kwa macho yangu ikifanya kazi."

Hilo halikuandikwa popote, lakini lilinitosha kushika jembe. Jioni ileile nilianza kulima mistari mitatu mipya, na ufunguo wa stoo lilimo bomba nikaufunga kiunoni mwangu.

Yeye alikaa mlangoni, kinu katikati ya miguu, anatwanga saumu. Pua hakuziba.